Ndoo, Mwanangu

Nilipokuwa mtoto kule kisiwani Pate, mama alinichapa kwa kuitikia sauti kisimani. Hapakuwa na mtu, nami nikasema naam. "Asiyekupa salamu usimwitikie, hujui ni nani." Kisima chenyewe kilikuwa na maji matamu, siku hizi kimefukiwa, lakini hayo tuyaache. Hili ninalokusimulia sikulibuni. Lilinitokea mimi, mchana, akili zangu timamu.

Uzeeni nilikuwa kijiji cha Mkokoni, kazi yangu kukaa kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana na walioko baharini. Zuhura, msichana wa Nairobi, alikuwa akiwapeleka wageni baharini kwa kayaki, vile vitumbwi vyembamba vya plastiki. Redio yake ya mkononi haikufika mbali, maana mwenye kayaki huketi sawa na maji: wimbi likimwinua wamsikia, likimshusha kimya.

"Babu, redioni hatusalimiani," alikuwa akinicheka. "Unaita jina mara tatu, basi."

"Bila salamu siitiki, mwanangu." Basi akawa ananisalimia, kuniridhisha tu.

Siku hiyo alitoka peke yake, akazunguka nyuma ya kisiwa cha Kiwayu kujaribu redio mpya itafika wapi. Mvua ikafunga, bahari isionekane. Adhuhuri ikapita. Mara: "Mkokoni... Mkokoni..." Sauti imekauka, si kama yake, haina salamu. Niamini, kidude cha kusemea nilikuwa nacho mkononi, nami nikaogopa. Ikaita tena. Nikanyamaza. Mtu mzima mimi, nina wajukuu!

"Asalaam aleikum."

Mlangoni bwana mmoja, kanzu imemganda mwilini. Nikadhani ni mvua. Akakitwaa kile kidude. "Mwitikie, bwana. Mimi niliita, sikuitikiwa." Kisha akasema nacho, taratibu, kama anayembembeleza mtoto: "Ndoo, mwanangu. Ndoo. Ndia ni hii."

Kidole chake hakikugusa kitufe. Taa nyekundu haikuwaka. Sasa sauti ilipita wapi?

Alasiri Zuhura akaingia, anatetemeka, anacheka na kulia. "Aki Babu! Mtu anazama, wewe unamwambia ndoo?"

Kwetu ndoo ni njoo, kama ndia ilivyo njia. Yeye wa bara alijua ndoo ya maji, akadhani anaambiwa afue maji, ayateke ayamwage nje. Akashika kikopo, akafua, na kayaki iliyokuwa ikididimia ikainuka. Ndipo akaifuata ile sauti hadi akaupata mlango wa kuingilia, ule mwanya wa miambani.

"Si mimi," nikamwambia. "Nilikusikia, sikukuitikia." Hilo ndilo zito kulisema.

Tangu hapo siwezi kunyamaza nikisikia mtu anaita. Hata aliyekosea namba ya simu nazungumza naye mpaka anichoke. Nawe unayesoma, ukiitwa, itika. Mengine mtaulizana baadaye.

Siku ile, yule bwana alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Nikamwambia, "Keti bwana, nikutilie kahawa." Zuhura akaniuliza nasema na nani. Bwana akatabasamu, akashika ndia ya ufuoni, kwenye mvua, wala hakugeuka. Hajarudi.