Kikohozi cha Baba Langoni

Tuliokuwa jikoni kwetu Sirisia jioni ile ni hawa: mama yangu Nanjala, akikoroga kunde, kaka yangu Wafula, mimi Nekesa, na wageni wawili wa kanisa, Mwalimu Yohana aliyetuhubiria kila Jumapili, na Mama Rispa, mjane aliyenisimamia ubatizo. Ile harufu ya kunde na chumvi ya majivu bado ninayo puani. Baba, Khaemba, alikuwa shambani. Alitaka sana kuwa mzee wa kanisa. Biblia aliijua, sauti yake ilijaza kanisa, hata koti alikuwa ameshalipiga pasi. Lakini kwetu hakuna aliyepewa uzee kabla watu hawajaja kuketi jikoni kwake siku ya kazi, bila taarifa. Si Paulo anauliza, asiyeweza nyumba yake ataliwezaje kanisa la Mungu? Basi walikuja kuitazama nyumba.

Baba akakohoa langoni. Kikohozi tu. Wafula akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, mimi nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Mama aliacha mwiko chunguni, akaanza kufuta kiti ambacho kilikuwa safi. Baba kuona wageni, akachangamka: “Karibuni, karibuni! Watoto, njooni msalimie!” Hakuna aliyetoka. Mama Rispa alinitazama pale nyuma ya pipa, kisha akasema polepole, “Khaemba, hawa kondoo wawili tu wanakukimbia. Tukuongezee wengine wa nini?” Baba akacheka. Alicheka peke yake.

Hawakumchagua. Walimchagua Petero jirani yetu, mwenye kigugumizi, ambaye watoto wake walikuwa wakimnyang'anya jembe njiani wambebee. Msimu ule wote wa mahindi koti la baba lilining'inia msumarini. Tulingoja kupigwa, hatukupigwa. Mpaka jioni moja, tukiwa tunapukuchua, alisimama langoni na badala ya kukohoa akaita, “Nekesa, mama, njoo unipokee jembe.” Niliendelea kupukuchua. Akangoja. Nikaenda, lakini sikukimbia. Nilitembea.

Sasa niko Kitale kwa mjukuu wangu Nafula, anayeniita kukhu, yaani bibi. Jumapili iliyopita mgombea mmoja alipewa maikrofoni kanisani, akaomba kura, watu wakapiga makofi. Tukitoka nikauliza, huyu akifika nyumbani watoto wake humpokeaje? Nafula akashika mbavu. “Ati watoto? Kukhu, si tunachagua kiongozi, bana, hatukutafutii bwana!” Vijana wakacheka, nami nikacheka nao. Nimechoka kuuliza. Waliojua kuketi jikoni kwa mtu na kutazama wamekufa, na malango ya wakubwa siku hizi yana askari. Nani atasikia kinachotokea ndani mwenye nyumba akifika?

Kama yuko hai mtu wa kina Rispa anayekumbuka vingine, anisahihishe. Pengine Wafula ndiye aliyekuwa nyuma ya pipa, na mimi ndiye niliyekimbia. Lakini kuhusu kikohozi sikukosea.