Mtumbwi wa Krayoni

Binti yangu amefungua boksi la krayoni, na harufu ya nta imenirudisha utotoni, jikoni kwetu ugenini, mjini Fairfield. Nilikuwa nimetoka shule mbio.

"Mama, ona nilichochora! Mtumbwi wa watu wa kale wa Skandinavia, waliokaa kule kabla ya hawa wa sasa! Waliuchora mwambani! Lugha yao imepotea, mwalimu anasema labda yamebaki maneno mawili matatu tu!"

Mama akaacha kukanda unga. "Mawili matatu? Lete krayoni!"

Nyuma ya mchoro wangu nikaandika maneno ya Kirundi, lugha ya kwetu, aliyonitajia, tukiyatamka kwa kelele kama wendawazimu, unga ukirukia karatasi.

Karatasi ninayo bado. Nimemwonyesha binti yangu, naye ameniuliza, kwa Kiingereza, neno la mwisho lina maana gani. Nimelisoma vizuri kabisa. Maana yake siijui.