Bodi ya Baba, Chasisi ya Kibwezi

Mama yangu hapandi gari la mtu. Tangu matatu ilipobingirika naye na kumvunja nyonga, gari analoliamini ni moja tu, pikapu ya marehemu baba. Kwa hivyo daktari wa macho kule Kitui aliposema presha imepanda katika jicho lake lililobaki, na kwamba asipopasuliwa Jumatatu atabaki gizani kabisa, mimi sikuwaza jicho kwanza. Niliwaza ile pikapu, kwa maana ilikuwa imekatika katikati.

Chasisi yake, ule mgongo wa chuma unaobeba bodi, injini na kila kitu, ililiwa na kutu miaka yote baba alipokuwa akisomba mchanga mbichi wa mtoni. Ilipokatika, injini iligonga mwamba ikapasuka. Injini hiyo ya petroli ilikuwa na kamluzi kadogo ambako mama alizoea kukasikia gari likiwa bado ng'ambo ya mto, akabandika chai. Sasa ilikuwa chuma chakavu. Bodi pekee ndiyo iliyosalia nzima, na milango yake mizito na kiti chake kimoja kirefu.

Fundi wetu wa pale sokoni Kabati akasema si neno, nitafute chasisi nyingine, tuivalishe bodi ya baba. Nilihangaika hadi Kibwezi, kwa mtu anayebomoa magari yaliyopata ajali, nikapata moja ya dizeli ikiwa na injini na magurudumu yake. Ilifika Kabati Alhamisi juu ya lori.

"Itaingia kama kofia," fundi akaniambia.

Wapi! Tulipoishusha bodi kwa minyororo kutoka kwenye mwarobaini wa gereji, matundu ya bolti hayakukutana hata moja. Magurudumu ya nyuma yalitokea kiganja kizima nyuma ya nafasi yao, yakawa yanasugua bati. Mimi nina mdomo, na siku hiyo niliutumia. Nilimwambia afadhali angekuwa fundi wa cherehani, angalau angejua kupima. Akajifuta mikono na tambara, bila haraka.

"Dada, hii chuma haisikii matusi. Nipe nafasi."

Ijumaa nikampigia mama simu. Nilimbembeleza apelekwe na jirani, mwalimu mpole anayeendesha kama anabeba mayai. Akakataa.

"Nitangoja ya babako."

"Na macho yakiisha, mwaitu, mama yangu?"

"Yakiisha yameisha. Nimeyatumia."

Nilikata simu nikaenda nyuma ya gereji, nikakaa juu ya matairi mabovu nikalia. Nililia kwa hasira, halafu kwa woga. Baba tulishamzika, na sasa huyu naye nilikuwa nikimtazama akizimika mbele yangu kwa ajili ya bati. Fundi alinikuta hapo. Hakunipa pole. Aliinama akalikagua tairi la lori nililolikalia, akaniomba nisimame, akaliburuta akaenda nalo.

Alikata vipande vinene vya mpira wake, akavipanga chini ya bodi kila mahali pa bolti, akatoboa matundu mapya. Bodi ikainuka, magurudumu yakapata kupumua. Jumapili jioni akawasha. Injini ya dizeli ikanguruma kama kinu cha kusagia mahindi, gereji nzima ikatetemeka. Fundi alinitazama, akijua ninachowaza. Nikamwambia kwamba mama asiambiwe kitu. Akisikia kuna injini ya mtu mle ndani, hapandi, na siku nyingine ya kupasuliwa haipo. Yeye kule nyumbani alijua gari limekazwa chuma tu.

Asubuhi ya Jumatatu nilimshika mkono nikamfikisha kwenye mlango. Akapapasa bati, akalipata lile bonde lililoachwa na teke la ng'ombe karibu na kitasa, akatabasamu. Kisha akainua mguu hadi pale ulipozoea kukanyaga. Mguu ukakuta hewa. Akaurudisha chini.

"Imekuwa ndefu?" akauliza.

"Ni miguu yako imefupika, mwaitu. Uzee huo."

Akacheka kidogo. Nikapiga goti, akakanyaga paja langu, akapanda.

Tukashika njia ya Kitui. Mara aligeuzia dirisha sikio la kushoto, mara akaligeuza la kulia, kisha akakunja mikono mapajani akainamisha kichwa. Nilidhani anaomba. Kila tulipopita kituo nilijiambia bado kidogo, bado kidogo, na mwishowe tukaingia lango la hospitali. Nilikuwa nimeshinda. Nilizima injini, nikashusha pumzi ambayo nilikuwa nimeibana tangu Alhamisi.

Mama akanishika mkono wa sweta kabla sijafungua mlango. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ukiongea na daktari," akasema, "mwambie na masikio pia yameanza kwenda."

"Kwani yana nini, mwaitu?"

"Nimekaa kwa gari ya babako kutoka nyumbani mpaka hapa," akasema, "na kale kamluzi kake sijakasikia hata kidogo."