Nyumba ya Kale na Chokaa Mpya

Mwezi uliopita, bomani Kilwa, bibi mwenzangu alikuwa akiomba ruhusa ya kupiga chokaa paa la nyumba ya mawe aliyoijenga babu yake. Alikuwa akiishi humo, inavuja, na masika hayakuwa mbali. Lakini nyumba sasa iko chini ya chama cha kutunza majumba ya kale.

"Hairuhusiwi, bibi," karani wa chama alimjibu, macho kwenye kucha zake. "Ibaki kama alivyoiacha babu yako."

"Babu yangu, mwanangu, aliipiga chokaa kila mwaka kabla ya mfungo."

"Chokaa mpya itaharibu ukale wake."

"Haya. Na mvua nayo mmeshaikataza?"

Jana nilipita kwake. Bibi amehamia kibanda cha jikoni, uani. Nyumba inatunzwa vizuri sana. Wanaolala ndani ni popo, ambao hawamsumbui karani kwa maombi.