Korongo Waliopungua kwa Cheptanui

Mtu akiniuliza Cheptanui ni nani, humjibu kwamba ni mama mmoja anayefuma sweta za shule, kisha nikabadilisha mazungumzo. Si kwamba sina la kusema. Ninayo mengi, lakini kila nikitaka kumsifu kitu hunizuia. Nitakitaja kwa jina lake: ni wivu. Nimemwonea mwanamke huyu wivu kwa miaka saba, na leo nitamweleza alivyo, niumie nisiumie.

Alizaliwa Kaptich, upande wa Rongai, kando ya kinamasi ambapo shamba la baba yake lilikuwa linaishia. Koo nyingi za Wakalenjin zina mnyama wao, na mnyama wa ukoo wa baba yake ni korongo, yule ndege mrefu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Wao humwita kong'ony. Yaani hata ndege walikuwa jamaa zake. Ukoo wetu sisi hauna hata kunguru.

Mumewe alipokwenda kutafuta kazi na asirudi, hakulia mbele ya mtu. Alinunua mashine ya mkono ya kufuma, akamlea binti yake Chesang kwa kuzifumia sweta shule tatu. Ana macho ya ajabu. Akisimama ng'ambo ya barabara anaweza kukuonyesha mahali fundi mwingine alipoacha tundu moja la uzi kwenye sweta ya mtoto anayekimbia. Tena hana maringo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa na maringo ningepata pa kumshikia.

Mimi ni Ndung'u, fundi wa pampu zile za kubeba mgongoni ambazo wakulima hunyunyizia nyanya na viazi dawa. Kibanda changu kiko karibu na bwawa la Makofia, lililochimbwa zamani na mzungu mmoja aliyependa kofia kubwa. Pampu nikimaliza kuitengeneza naipeleka bwawani, naijaza maji, naijaribu, naisuuza, namrudishia mwenyewe. Baba aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, nami sikuona ubaya wowote.

Kutoka bwawa la Makofia, lililo juu, kuteremka hadi kinamasi cha Kaptich ni kilomita tisa hivi. Mwaka wa 2019 mwalimu mmoja kijana, Maxwel, alianzisha kikundi cha kuhesabu korongo. Kila Januari, siku moja, kukicha, kila mmoja angehesabu wa kwake, ajaze fomu na kutia sahihi. Cheptanui akapewa Kaptich. Mimi nikapewa Makofia.

Mwaka ule wa kwanza nilihesabu korongo kumi na saba nikarudi nyumbani kifua mbele. Tulipokutana darasani kwa Maxwel kusoma hesabu, Cheptanui akasoma yake kwa sauti ndogo: arobaini na mmoja. Watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata mimi nikapata kumi na tisa, yeye arobaini na wanne. Wageni wakaja kuwaona ndege wake, wakamwachia darubini. Maxwel akachapisha kalenda yenye picha yake amesimama kwenye matete, na nyuma yake korongo wawili wanacheza, wameinua mabawa. Mke wangu Wachuka akaitundika jikoni, mbele kabisa ya mahali ninapokunywa chai.

"Itoe hiyo," nikamwambia.

"Baba Abby, wewe unaonea mtu wivu juu ya ndege?" Wachuka akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Si hata kuku tuko nao."

Aliiacha palepale mwaka mzima. Nilikunywa chai yangu nikimtazama Cheptanui, Januari hadi Desemba.

Kisha mambo yakageuka kule Kaptich. Watu wenye pesa kutoka mjini walikodi mashamba kuzunguka kinamasi, wakapanda nyanya na kabichi. Walikata matete, wakachimba mitaro, wakaweka jenereta za kuvuta maji. Walinyunyiza dawa kila wiki, na mvua ikinyesha katikati ya wiki, walirudia. Chupa tupu walizitupa majini. Mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa yalimwagwa ovyo, na korongo hupenda sana mbegu. Najua haya yote kwa sababu nusu ya pampu zao zilipitia mikononi mwangu. Biashara yangu haijawahi kuwa nzuri kama miaka ile.

Siku ya kuhesabu mwaka wa 2021 nilimpigia simu asubuhi kumuuliza amepata wangapi. Nilijifanya namjulia hali.

"Thelathini na nane," akasema. "Wamepungua sita, Baba Abby. Na vyura wamenyamaza. Zamani ukipita hapa jioni hungesikia hata simu yako ikilia."

Nilimpa pole. Nilipokata simu, roho yangu ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu kalenda ile iingie nyumbani. Nikachukua fomu. Mwaka uliotangulia nilikuwa na kumi na tisa. Nikafikiri: ndege huhama, Maxwel mwenyewe ametufundisha hivyo, na hawa sita lazima wamekwenda mahali. Nikaandika ishirini na watano.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutia chumvi, na chumvi ikizoeleka mkono hauhisi uzito wake. Mwaka wa 2022 alipungukiwa na tisa, nikawaongeza kwangu. Waliofuata pia nikawaongeza, huku nikipunguza mmoja au kuzidisha mmoja ili hesabu isionekane imekatwa kwa rula. Kila Januari nilimpigia, nikamsikiliza, nikampa pole, nikajaza fomu. Kufikia mwaka wa 2024 yeye alikuwa na kumi na wawili na mimi hamsini na mmoja. Watu wakanipigia makofi mimi. Nilialikwa kwenye redio moja ya mjini, nikaongea dakika ishirini juu ya utunzaji wa mazingira. Kalenda ya mwaka ule ilikuwa na picha yangu. Wachuka hakuitundika. Alisema msumari umeng'oka.

Sasa nieleze jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka wa 2023 Cheptanui alikuwa ameandika malalamiko yake, kurasa tatu kwa mkono, ayapeleke ofisi ya mazingira mjini Nakuru. Alitaka wale wakodishaji wasogezwe mbali na maji na dawa zile zipimwe. Alimpa Maxwel asome kwanza. Maxwel akachukua fomu zetu, akajumlisha zangu na zake mwaka baada ya mwaka, akatuita sote wawili.

"Mama Chesang, cheki hapa," akasema. "Jumla ni sitini na tatu, sitini na mbili, sitini na nne. Inarudi palepale. Ndege hawajapungua. Wameshift tu, wamepanda kwa Mzee Ndung'u. Ukipeleka hii kesi ofisini watakuuliza shida iko wapi."

Cheptanui alitazama karatasi kwa muda mrefu na macho yale yake. Mtu anayeona tundu moja la uzi ng'ambo ya barabara angeshindwaje kuuona uongo wangu? Lakini alikunja kurasa zake tatu, akazitia kwenye mkoba.

"Basi ni sawa," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Nilikuwa silali, Baba Abby. Nilidhani wamekufa. Kumbe wako kwako. Uwaangalie vizuri."

Ningeweza kusema pale. Hakukuwa na mtu mwingine ila sisi watatu. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mshindi, na mtu aliyenishinda miaka yote ananiomba nimtunzie mali yake. Utamu wa neno lile siwezi kuuficha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Wakodishaji wakaendelea kukata matete kwa miaka miwili zaidi.

Januari ya 2025, siku ya kuhesabu, sikumpigia. Yeye ndiye aliyenipigia, saa mbili asubuhi, nikiwa kibandani na pampu imefunguliwa mapajani.

"Mwaka huu kwangu hakuna," akasema. "Sifuri. Nimezunguka mara mbili. Niko kwa bodaboda nakuja huko kwako, angalau niwaone."

Nilitamani bodaboda ile ipasuke gurudumu. Haikupasuka. Alifika na darubini yake shingoni na viatu vya mpira vyenye matope ya Kaptich, akanisalimu, akaanza kuteremka kwenda bwawani kabla sijatafuta la kusema. Nikamfuata.

Upande wa mashariki wa bwawa palikuwa na korongo wawili wakila kwenye nyasi. Karibu na ukingo palikuwa na wengine wawili. Cheptanui aliinua darubini, akaanzia kushoto hadi kulia, polepole, kama anavyokagua sweta. Akairudisha kulia hadi kushoto. Akavuka akasimama juu ya ukuta wa bwawa na kuanza upya. Mimi nilikaa juu ya jiwe. Mbele yangu maji yalikuwa na utando wenye rangirangi mahali ninaposuuzia pampu, na nilipotazama sana niligundua kwamba pale hapakuwa na mdudu hata mmoja.

Aliporudi hakukaa.

"Wanne," akasema. "Wale wengine wako wapi?"

"Huwa wanakuja mchana," nikaanza.

"Ndung'u."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu peke yake. Nikainama. Nikamwambia kwamba nimekuwa nikiongeza. Nikamwambia sababu, na sababu niliposema kwa sauti ilisikika ya kipumbavu kuliko nilivyozoea: darubini, makofi, kalenda. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane, maana tusi lingempunguza kidogo. Hakutukana. Alijifuta macho kwa ncha ya leso, na hata machozi yale nikayaonea wivu, kwa sababu mimi yangu hayakuja.

"Miaka hiyo yote nawaambia watu wako kwako," akasema. "Chesang nimemwambia. Nilimwambia akija likizo nitamleta awaone."

"Nisamehe, Mama Chesang."

"Msamaha baadaye. Sasa sikia. Ile barua bado niko nayo. Tukipeleka na hesabu ya kweli, mwaka kwa mwaka, yako na yangu, wataona vile walikuwa wanakufa polepole tangu hao watu waje. Lazima ionekane polepole, ndiyo ifuatane na miaka ya dawa." Alinitazama usoni. "Uliongeza, sawa. Lakini zile za kweli unazo?"

"Ninazo," nikasema.

Sikuwa nazo. Lakini yeye alikuwa na zake zote, saba, kila moja na tarehe, na sikuweza kusimama mbele yake mikono mitupu. Hata katika kuungama nilitaka tulingane.

Tulipanga kwenda Nakuru baada ya siku tatu, na siku hizo sikulala. Nilimwambia Wachuka yote. Alinisikiliza akiwa anachambua maharagwe, na mara hii hakucheka. Alisema, "Mwambie kabla hamjafika huko." Nilisema nitamwambia njiani. Njiani Cheptanui alikuwa amekaa karibu na dirisha, kurasa zake tatu zikiwa ndani ya bahasha mpya aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, akanieleza vile tutakavyosema, nani aanze, nani amalizie. Alisema nianze mimi kwa sababu niliwahi kwenda redioni na nimezoea kuongea. Sikumwambia.

Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na meza yake ilijaa mafaili. Alisoma barua yote, jambo ambalo sikulitegemea. Akaziweka fomu za Kaptich kwenye mstari, akapitisha kidole: arobaini na mmoja, arobaini na wanne, thelathini na nane, ishirini na tisa, ishirini, kumi na wawili, sifuri.

"Hii iko wazi," akasema. "Lakini ndege wanaruka. Mtu mwenye shamba ataniambia wameenda kwa bwawa la juu, na hizi karatasi za Makofia zinamuunga mkono. Mnasema zina makosa?"

"Mwenyewe yuko hapa," Cheptanui akasema. "Atakupatia za kweli."

Afisa akachukua karatasi tupu, akaandika juu yake Makofia, akateremsha miaka mmoja chini ya mwingine, na mbele ya kila mwaka akaacha nafasi. Ya 2019 nilimpa, ya 2020 nilimpa. Akaandika. Kalamu ikafika 2021 ikasimama.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

Miaka minne ile, siku ya kuhesabu, sikuwahi kuteremka bwawani. Nilikaa kibandani na simu mkononi. Huenda mwaka ule walikuwa kumi na wanane, huenda walikuwa tisa. Huenda kuna asubuhi moja walikufa wengi kwa pamoja, mita mia mbili kutoka nilipoketi, na hakuna mtu duniani atakayeijua.

Cheptanui alikuwa amenigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyekwisha kusamehe na anasubiri tu kazi iendelee.

"Sema, Baba Abby," akanihimiza taratibu. "Walikuwa wangapi?"

"Sijui, Mama Chesang," nikasema. "Sikuwahesabu. Nilikuwa nahesabu wako waliopungua."