Kijiko cha Kwanza cha Uji

Kwetu Kamenu, uji wa kwanza wa mtoto hulishwa na nyanya yake. Mwanangu alipofika miezi sita, mama mkwe alikoroga uji mwepesi wa wimbi, akasema bismillahi, akamlisha. Tulicheka vile mtoto alivyokodoa macho.

Siku chache baadaye vidole vyake vilivimba, akalia hadi sauti ikakauka. Hospitalini walisema ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili. Lakini nyumbani watu walikuwa na hesabu yao: kwa maziwa alikuwa mzima, kwa uji akaugua. Lisemwalo lipo, wakasema majirani. Mama mkwe alijilaumu mwenyewe, na mimi, mdomo wangu mzito, sikumkatalia. Tulipohamia Mwiki, akija kututembelea hakugusa jiko langu.

Juzi, mtoto akiwa tayari ameanza shule, nilimuuliza daktari wa kliniki kwa nini miezi ya kwanza hakuugua. Akijua mimi ni fundi wa nguo, alinieleza kwa uzi. Maagizo ya kuunda damu yamo katika uzi mrefu uliozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama rili ya uzi wa cherehani. Histoni zikibandikwa alama za kemikali, asetili, uzi hulegea na maagizo yakasomeka. Alama zikibanduliwa, uzi hukazwa na maagizo hunyamaza. Jeni ya damu ambayo mtoto hutumia akiwa tumboni mwa mama, iliyomkinga mwanangu, hufungwa hivyo polepole baada ya kuzaliwa. Hufungwa kwa kila mtoto, ale uji asile. Dawa anayomeza sasa huirudisha kidogo damu ile.

Niliumia. Miaka yote hiyo tulimwachia mama wa watu mzigo usio wake.

Jumamosi nikaenda na mtoto Kamenu. Mama mkwe alinisikiliza akichambua mboga ya terere.

“Kwa hivyo nisingemlisha, bado angeugua?”

“Angeugua tu, Mama. Ni sisi tuliomzaa hivyo. Nisamehe.”

“Nilishakusamehe kitambo, mwanangu.”

Basi nikamwomba ampikie mjukuu wake uji. Aliinuka, akabandika maji, akapima unga. Maji yalipochemka, mkono wake ukasita juu ya sufuria. Akanipa mwiko.

“Koroga wewe,” akasema. “Mimi nitakaa na yeye.”