Kijiko cha Unga wa Njano

Alhamisi hapa kambini siku hizi ni kimya. Gari la zahanati bado linakuja hadi njia panda, linasubiri saa mbili, linaondoka. Zamani, kabla jua halijapanda juu ya mizabibu, Hermelinda Quiroz alipita akigonga sufuria kwa mwiko, nasi tukawatoa watoto wakapimwe. Mlango ukibishwa kwa mkono hapa hakuna anayefungua. Sufuria yake tuliifungulia sote.

Alikuwa mchuma zabibu kama sisi, mtu wa milima ya Oaxaca, ng'ambo ya mpaka, mnene, mwenye kicheko cha puani. Zahanati ilimfundisha wiki sita awe mhudumu wa afya wa kambi, ikampa kofia ya buluu, akaivaa hata kanisani.

Agosti moja, miaka mitatu iliyopita, gari halikuja. Lori jeupe la uhamiaji, wale wanaowakamata wasio na karatasi, lilikuwa limeegeshwa njia panda tangu Jumatatu, na hakuna aliyeliona likisogea. Alhamisi Hermelinda alipita bila sufuria, akiita majina kwa sauti ya chini kwenye madirisha. Kwa jirani yetu Yadira alimkuta mwanawe Eliseo, mtoto wa miaka mitatu, amelala kifudifudi sakafuni, midomo imepauka. Bibi yake, mzee Crescencia, alikuwa akimvuta ngozi ya mgongo mpaka ilie, kama tufanyavyo chakula kinapogandia tumboni.

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya tisa," alisema Yadira. "Anatapika tu. Jana hakunijua."

"Siku tisa unamvuta, bibi? Huyu mtoto au kinanda?"

Mzee akacheka kidogo. "Namvuta na dawa nampa, mwanangu."

Hapo Hermelinda akakiona kijiko juu ya jiko, kina mabaki ya unga wa njano.

"Si niliwaambia msiununue tena? Ule unga ni madini ya risasi. Unakula ubongo wa mtoto."

"Sikununua," alisema Crescencia. "Huu ulinipa wewe."

Ni kweli. Kabla ya mafunzo, alipokuwa bado na kibali cha msimu, kila alipotoka kwao milimani baada ya Krismasi, Hermelinda alikuja na vipakiti vya unga huo, akavigawa kambini kama peremende. Alipojua ni sumu, alipita kila nyumba kutuonya tusinunue. Vile alivyogawa mwenyewe hakuvidai. Aliona haya.

Alikifunga kijiko kwenye leso.

"Vaa viatu, Yadira. Twende hospitali ya mjini."

"Njia ni ile moja tu, dada. Wakinichukua, hawa watoto wangu wawili wengine nani atawalisha?"

"Basi nipe mimi."

"Na wewe una karatasi gani?"

"Nina kofia," alisema Hermelinda. Hakuna aliyecheka.

Tulilitazama gari lake likienda polepole katikati ya mizabibu, vumbi likilifuata. Penye lori jeupe lilizidi kupunguza mwendo. Mtu aliyekuwa ndani alimtazama, akaandika kitu, akamwacha apite. Baadaye alitusimulia kwa simu kwamba ni papo hapo mtoto alipoanza kukakamaa kwenye kiti, naye hakuthubutu kugeuza shingo wala kukanyaga mafuta mpaka lori lilipotoweka kwenye kioo.

Hospitalini aliweka kijiko mbele ya daktari. "Kala unga huu," alisema. "Aliyeuleta ni mimi." Daktari alikuwa akifikiria homa ya uti wa mgongo. Walimpima damu, wakaanza kuitoa sumu jioni ile ile.

Angeweza kulala mjini. Yadira alimsihi kwenye simu alale. Lakini katika nyumba kumi na moja vipakiti vyake vilikuwa bado kabatini, naye alitaka kuvichukua kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake asubuhi alirudi kwa njia ile moja. Safari hii lori lilikuwa limekingamishwa barabarani.

Vipakiti tulivikusanya sisi, akitutajia nyumba kwa simu ya kizuizini, moja baada ya nyingine. Tulivipata katika nyumba kumi; vya nyumba ya kumi na moja hatujaviona hadi leo.

Eliseo ana miaka sita sasa, maneno humchelewa. Hermelinda walimrudisha kwao; yuko Tlaxiaco, milimani, kwa dada yake, na Jumamosi huuza tamale za mahindi sokoni.